Ndege Iliyoruka kwa Meno

Mashine yenyewe haikumtisha Petroli. Kilichomtia kinyaa ni ule uji.

Ulikuwa uji mweupe, mzito, wa baridi, unaochotwa koponi kwa kijiti na kupakwa kichwani ili vile vidude vya chuma, vidogo kama vifungo vya shati, vishike vizuri kwenye ngozi. Petroli alikuwa mtoto wa msusi. Alikua akijua kwamba kichwa kikishatengenezwa hakiguswi ovyo, na sasa msichana mwenye koti jeupe lililomzidi mikono alikuwa anampekuapekua katikati ya mistari ya nywele kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea.

"Ni dawa hiyo?" aliuliza.

"Hapana. Inasaidia umeme upite."

"Umeme!" Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, alinyanyuka nusu. "Dada, si ulisema hapa hakuna mambo ya umeme?"

"Hakuna unaoingia, Shangazi. Kuna unaotoka. Ubongo wa kila mtu una umeme wake, mdogo mno, hata balbu ya tochi hauwashi. Sisi tunausikiliza tu."

"Wa huyu si mdogo," Shangazi alisema akikaa tena. "Mimi ndiye ninayeishi naye."

Ni Shangazi huyo huyo aliyempa yule msichana jina la Dada wa Nyaya, na kabla ya wiki kwisha kliniki nzima, hadi mlinzi wa getini, ikawa inamwita hivyo. Alikuwa ametoka chuoni mwaka ule ule. Alieleza mambo kwa mikono yote miwili, na akimaliza kueleza huuliza, "Umenielewa, au nimejielewa mwenyewe tu?" Petroli, ambaye hakuwa amepanga kumpenda mtu yeyote mle ndani, alijikuta anashindwa kumchukia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbele ya kiti kulikuwa na skrini, na kwenye skrini kulikuwa na ndege imeegeshwa uwanjani. Ubongo ukitulia, si kwa kusinzia bali kwa kuwa macho bila kuchemka, ndege inapaa. Ukianza kuchemka, ndege inashuka. Hakuna kitufe cha kubonyeza, wala hakuna mtu wa kukuambia ufanye nini. Ubongo unaiona ndege yake, unajaribu hivi, unajaribu vile, mpaka unaishika njia, kama mtoto anavyojifunza baiskeli kwa kuanguka. Vikao ishirini, Jumanne na Ijumaa.

"Na baada ya hapo?" Petroli aliuliza.

"Baada ya hapo nakuandikia ripoti."

Ripoti. Hilo ndilo neno alilokuja nalo kutoka nyumbani kwa Shangazi, na ndilo lililomkalisha kwenye kile kiti.

Miezi mitatu kabla ya hapo Petroli alikuwa akiishi kwao, na mama yake akisuka wateja katika chumba cha mbele cha nyumba. Jina la Petroli lilitoka kwa baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye akiwa nyumbani na kumwona binti anaingia getini kutoka shule alikuwa akitangaza, "Jamani, zimeni viberiti!" Wote hucheka. Petroli naye hucheka, siku ambazo hakuwa amefura.

Siku ile ya Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Mdogo wake, Kitinda, mtoto wa miaka saba mwenye mdomo usio na breki, aliwatangazia wateja wote kwamba dada yake amepata sifuri ya hesabu. Si kwa ubaya. Kitinda alikuwa akitangaza kila kitu. Lakini wateja wanne walicheka kwa pamoja, na kufumba na kufumbua brashi ya mbao ilikuwa imeshatoka mkononi mwa Petroli. Aliilenga ukutani. Iligonga kioo kikubwa. Kipande kimoja kikamchana Kitinda juu ya nyusi, nyuzi tano.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Waliporudi kutoka hospitali alikaa kwenye kiti cha wateja, akamtazama binti yake mkubwa, akasema, "Sikufukuzi, mwanangu. Lakini siwezi kuwaweka wawili nyumba moja. Utakaa kwa shangazi yako, akupeleke kliniki. Wakinipa karatasi kwamba umebadilika, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Kwa hiyo Petroli alivumilia uji.

Kikao cha pili nusura kiwe cha mwisho. Kompyuta ya Dada wa Nyaya ilikuwa ikitoa mlio mkali kila baada ya sekunde chache, pii, pii, pii, na ndege ikawa haitoki chini. Masikio ya Petroli yalianza kuwaka moto.

"Zima hiyo kelele au naondoka," alisema.

"Inatukumbusha tu kwamba..."

"Nimesema zima!"

Dada wa Nyaya aliinamia kompyuta. Akabofya, akabofya tena, mlio ukakoma. Waliendelea na kikao.

Kikao cha tano ndipo Petroli alipogundua siri. Ndege ilikuwa imelala uwanjani dakika kumi nzima, na akilini mwake zilikuwa zinapita sauti zote zilizowahi kumshauri. Mwalimu: jikaze. Baba kwenye simu, na injini ikinguruma nyuma yake: jikaze, mama, wewe mkubwa sasa. Mama mwenyewe: jikaze, usiwe mwepesi hivyo. Basi akajikaza. Aliuma magego juu kwa chini, akakaza taya mpaka mishipa ya kichwani ikasimama.

Ndege ikatikisika. Ikakimbia uwanjani. Ikapaa.

"Eh!" Dada wa Nyaya aliruka kwenye kiti. "Eh! Unaona? Unaona?"

Petroli aliona. Aliona mawingu yanapita chini ya mbawa, na kifuani mwake kukafunguka kitu ambacho hakikuwa kimefunguka tangu siku ya kioo. Kumbe ndivyo watu wanavyotulia! Kumbe wote wanaopita barabarani na nyuso za upole wameuma magego! Ni yeye tu aliyekuwa hajaambiwa vizuri.

Tangu hapo mambo yakawa mteremko. Kila Jumanne na Ijumaa ndege ilipaa, na kila Jumanne na Ijumaa mstari wa bluu kwenye grafu ya Dada wa Nyaya ulipanda kidogo. Petroli alianza kufanya mazoezi njiani, shuleni, mezani. Taya lilimuuma hata nyama ikawa inamshinda kutafuna.

"Umeanza kuzeeka?" Shangazi alimuuliza. "Nikupondee kama mtoto?"

Halafu ikaja siku ya sketi.

Shangazi, kwa nia njema kabisa, alifua nguo zote kwenye beseni moja, na kitambaa chake kipya chekundu kikiwemo. Sketi ya shule ya Petroli, iliyokuwa nyeupe, ilitoka na rangi ya ufizi. Petroli aliiona kwenye beseni. Aliuma magego, kama alivyojifunza. Aliuma kwa nguvu zake zote. Na hasira ikapita katikati ya meno yale yale kama maji yanavyopita kwenye chekeche. Alipopata fahamu, beseni lilikuwa limeruka upande wa pili wa uwanja, nguo zimetapakaa matopeni, na koo linamuuma kwa kelele alizopiga.

Shangazi alikuwa amesimama na povu juu ya kandambili zake. Hakukasirika. Alimtazama tu, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa, "Na ile ndege, mwanangu, iko wapi saa hizi?"

Swali lile halikumtoka Petroli kichwani. Ijumaa iliyofuata, akiwa na vifungo vyake kichwani, alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Kwa makusudi akawaza kitu kibaya kuliko vyote. Akakiwaza kioo kikipasuka. Akaiwaza damu ikishuka kwenye jicho la Kitinda, na jinsi mtoto alivyochelewa kulia, kama aliyekuwa anasubiri kuelezwa nini kimetokea. Moyo ulimdunda, viganja vikalowa jasho, alitamani kupiga yowe. Kisha akauma magego.

Ndege ikapaa juu ya mawingu, safi, kama harusi.

"Umekuwa bingwa," Dada wa Nyaya alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa furaha. "Sijui kama unajua umenifundisha nini. Wewe ni mtu wangu wa kwanza, unajua? Wa kwanza kabisa peke yangu."

Petroli alifuta uji kichwani.

Angesema nini? Vilikuwa vimebaki vikao vitano. Ripoti ilikuwa inakuja yenyewe kwa miguu yake. Alijiambia kwamba hakuna aliyedanganya. Mashine ilimuuliza na yeye akaijibu. Alijiambia kwamba akishafika nyumbani atajua tu namna ya kutulia, kwa sababu nyumbani ni nyumbani. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa na sauti ya mtu anayeongea huku anatembea haraka.

Jumapili kabla ya kikao cha mwisho Kitinda alipiga simu. Alizoea kupiga kwa simu ya mama na kumwaga habari zote za mtaa kwa pumzi moja. Siku hiyo alikuwa mpole.

"Dada, mama kasema unarudi wiki hii."

"Labda."

"Mimi sitakuudhi tena. Nimeacha kuongea na wateja."

"Umeacha?"

"Ndiyo. Wakiniuliza nanyamaza. Hata mama ameniuliza kama naumwa. Nataka ukirudi usiwe na sababu."

Petroli aliikata simu akisingizia chaji. Alikaa kitandani, simu mapajani. Mtoto wa miaka saba alikuwa amejifunga mdomo ili nyumba isilipuke. Na yeye, mkubwa, alikuwa anakwenda kumpelekea karatasi ya uongo inayosema hakuna cha kuogopa.

Siku ya ripoti mama alifunga saluni, jambo ambalo halikuwa limetokea siku ya kazi tangu kuzaliwa kwa Kitinda. Alikuja amevaa viatu vyake vya kutokea, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Shangazi alikaa karibu yake. Dada wa Nyaya aligeuza kompyuta ili wote waone, akaanza kueleza kwa mikono.

"Hapa ndipo alipoanza, mama. Chini kabisa. Kikao cha tano, hapa, tazama. Na kutoka hapo..." Kidole chake kilipanda na mstari wa bluu mpaka mwisho wa skrini. "Kwa kweli hata mimi sikutegemea."

Mama alitazama ule mstari kwa muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akatafuta leso, akaikosa, akajifuta kwa kiganja. "Basi," alisema. "Basi, wifi, akachukue nguo zake. Twende naye leo leo."

"Mama, ngoja," Petroli alisema.

Wote watatu waligeuka.

"Sijabadilika. Ni meno."

"Meno gani?" Shangazi aliuliza.

"Nikiuma meno ndege inapaa. Hata nikiwa na hasira inapaa. Hata nikiwaza... Inapaa tu. Sikujua mwanzoni. Nilidhani ndiyo yenyewe. Halafu nikajua, nikanyamaza."

Mikono ya Dada wa Nyaya ilibaki hewani. "Haiwezekani," alisema polepole. "Misuli ya taya ina umeme wake, ndiyo, tena mkubwa kuliko wa ubongo, lakini kuna ulinzi, mashine inauzuia..."

"Mvalishe Shangazi," Petroli alisema.

"Nani? Mimi? Thubutu!"

"Shangazi, tafadhali. Wewe ndiye mwenye hasira kuliko wote ukoo mzima."

"Nani mwenye hasira?" Shangazi alifoka, na ndivyo walivyomvua kitambaa cha kichwani.

Mama, pamoja na yote yaliyokuwa moyoni mwake, alikitazama kile kichwa na kushindwa kujizuia. "Wifi, hizi nywele mara ya mwisho zilionana na chanuo lini?"

"Usinichokoze, wifi. Niko kwenye vipimo."

Dada wa Nyaya alipaka uji, akabandika vifungo. Ndege ikatokea, imeegeshwa uwanjani.

"Sasa mfikirie yule jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwako," Petroli alisema. "Umemfikiria?"

"Huyo hayawani!"

"Uma magego."

Shangazi aliuma. Ndege ikaruka kama iliyopigwa teke, ikapasua mawingu, ikatokea upande wa pili kwenye jua.

"Kumbe mimi malaika!" Shangazi alisema kupitia meno yaliyofumbana, na mama akaangua kicheko, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa karibu na kilio.

Dada wa Nyaya hakucheka. Alikuwa ameinamia kompyuta, anafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika mahali na kusimama. Aliponyanyua uso ulikuwa umemshuka kabisa.

"Ni mimi," alisema. "Siku ya pili. Ule mlio ndio uliokuwa unatuambia misuli imeingilia. Nilitaka kuzima kelele, nikazima na ulinzi wenyewe. Halafu ule mstari ukaanza kupanda, na nilitaka sana upande." Alivua miwani, akaivaa tena. "Mama, siwezi kukupa ripoti. Samahani. Vikao vyote hivi nimekuwa nikimfundisha mtoto wako kuuma meno. Nitakwenda kumweleza daktari anayenisimamia sasa hivi, kabla sijala."

Nje, mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu kwenye korido.

"Ungenyamaza," mama alimwambia Petroli hatimaye, "leo ungelala nyumbani."

"Ndiyo."

"Ulitaka kulala nyumbani?"

"Mama!" Sauti ilimkatika. "Nataka kuliko kitu chochote. Lakini Kitinda ameacha kuongea. Kwa ajili yangu. Nikirudi hivi hivi atanyamaza mpaka lini?"

Mama hakumkumbatia, hakuwa mtu wa kukumbatia mbele za watu. Alinyoosha mkono, akaupitisha juu ya mistari ya nywele za binti yake, akakutana na mabaki ya uji uliokauka, akayabandua moja moja kwa kucha. Kisha akamgeukia Dada wa Nyaya.

"Hivi vifungo vinakaa wapi hasa? Nionyeshe. Mtoto hawezi kuchimbwa kichwa hivi kila wiki. Nitamsuka kwa kuacha njia."

"Unamaanisha... tuendelee?"

"Kwani umemaliza?"

Walianza upya, na upya ule haukuwa na utamu. Ulinzi ulirudi mahali pake, na mlio nao, ila sasa Dada wa Nyaya aliupunguza sauti mpaka ukawa kama chiriku wa mbali. Kikao cha kwanza ndege ililala uwanjani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Cha pili vivyo hivyo. Petroli hakujua la kufanya na taya lake. Kila alipoliachia lilijifunga tena lenyewe, kama mlango wenye springi.

"Fungua mdomo kidogo," Dada wa Nyaya alimwambia. "Kama mtu anayetazama mpira na timu yake haijafunga."

"Nitaonekana zuzu."

"Humu ndani tuko mazuzu wawili. Mmoja ana cheti."

Petroli alicheka, na ndege, ambayo haikuwa imetikisika kwa wiki nzima, ilisogea mbele hatua mbili. Wote wawili waliiona. Hakuna aliyeruka kwenye kiti.

Ijumaa mama alikuwa akija mwenyewe. Alikaa nyuma, mikono ikisokota nyuzi za kusukia kwa mazoea. Alijifunza mambo ambayo hakuwahi kuyajua kuhusu mtoto aliyemzaa: kwamba hasira yake huanzia masikioni, kisha inashuka shingoni, kisha taya linafunga, na kwamba kati ya masikio na mkono kuna muda. Mfupi sana, lakini upo. "Mashine haikupi kitu ambacho huna," Dada wa Nyaya aliwaambia. "Inakuonyesha tu ule muda, mpaka uuzoee. Kuutumia ni kazi ya huko nje." Kulikuwa na Ijumaa ndege ilipanda urefu wa nyumba, na Jumanne yake ikagoma kabisa. Kulikuwa na siku Petroli alivua vifungo mwenyewe na kuondoka akibamiza mlango. Alirudi baada ya robo saa, akakaa, akasema, "Nibandike."

Mstari wa bluu, safari hii, ulipanda kama mzee kwenye ngazi.

Ulipofika mwezi wa pili, mama aliruhusu Jumamosi: mchana tu, na yeye mwenyewe akiwepo. Petroli alikuwa akifagia nywele, akiosha chanuo, akirudi kwa Shangazi jioni. Kitinda alikuwa akizunguka pembeni yake akiwa na adabu za mgeni. Kovu juu ya nyusi lilikuwa limebaki mstari mwembamba. Wateja walimuuliza habari za shule, naye akajibu, "Nzuri," basi.

Jumamosi ya tano simu iliita. Mteja mmoja, mzazi aliyejifungua wiki ile, aliomba afuatwe nyumbani, mtaa wa tatu, asukwe mistari minne tu ya kumwezesha kulala. Mama aliweka simu chini. Alimtazama Petroli, aliyekuwa amekaa sakafuni akinakili kazi ya hesabu, kurasa tatu za kukusanywa Jumatatu. Alimtazama Kitinda, aliyekuwa akipanga chupa za mafuta kwa urefu. Alichukua kikapu cha vifaa, akafika mlangoni, akasimama. Petroli alijifanya hajaona.

"Naenda," mama alisema. "Sitachelewa."

Na akaenda.

Haikupita nusu saa. Kitinda alinyoosha mkono kuifikia chupa ya mwisho, ile kubwa, kifuniko kikiwa wazi. Ilianguka chali juu ya daftari la Petroli, na mafuta yakasambaa kurasa zote tatu, polepole, mpaka kwenye jibu la mwisho.

Masikio. Shingo.

Petroli alinyanyua kichwa, na alichokiona kilimuumiza kuliko daftari: Kitinda alikuwa ameganda, mkono mmoja ameukunja mbele ya uso.

Taya lilikuwa limefunga kama kufuli. Alilisikia. Hilo lilikuwa jambo jipya. Zamani hakuwahi kulisikia. Kulikuwa na chanuo la chuma karibu na mkono wake wa kulia, na mkono ulijua lilipo. Akafungua mdomo kidogo, kama zuzu.

"Kitinda," alisema, na sauti ilitoka nzito. "Nina hasira. Nina hasira sana. Nakwenda kukaa pale mlangoni. Sitakugusa. Hii hasira ni yangu, nitaimaliza mwenyewe."

Alikwenda. Alikaa kizingitini akiitazama barabara. Hapakuwa na ndege ya kumwambia kama anapanda au anashuka. Hapakuwa na mtu wa kumwambia bingwa. Kulikuwa na moyo unaopiga, viganja vilivyolowa, na mwanamke aliyepita na ndoo, akasalimia, naye akaitikia kwa shida. Taya lilijifunga. Akaliachia. Likajifunga. Akaliachia.

Nyuma yake ikasikika sauti ndogo. "Umemaliza?"

"Bado."

Ukapita muda.

"Sasa je?"

"Bado kidogo."

"Dada, wewe una hasira ndefu!"

Petroli alikusudia kukaa kimya. Badala yake kicheko kilimponyoka puani, na kilipotoka kilitoka na kitu kingine, mabega yakamshuka, pumzi ikaingia mpaka chini. Kitinda alisogea na kukaa kizingitini, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Baada ya kidogo nafasi hiyo ikapungua.

"Kuna mteja mmoja," Kitinda alianza, akitazama mbele, "ana kipara."

"Nani?"

"Mama kasema nisimwambie mtu. Anavaa wigi. Siku moja lilinasa kwenye kiti, akasimama peke yake, wigi likabaki limekaa. Na yule wa duka la viatu amegombana na mumewe kwa sababu ya redio. Na mimi nimeng'oka jino, hukuliona, la huku nyuma. Na kwenye darasa letu kuna mtoto anakula chaki..."

Mto ulikuwa umefunguka. Petroli alisikiliza yote, neno kwa neno, habari za miezi miwili na ushei zilizokuwa zimefungiwa ndani, na hakumkatiza hata pale zilipomhusu yeye mwenyewe.

Mama aliwakuta hapo. Alikuwa anatembea haraka kuliko mtu asiye na wasiwasi, na alipowaona alipunguza mwendo, kama aliyekuwa akitembea hivyo tangu mwanzo.

"Mama!" Kitinda alitangaza, na mtaa mzima ukasikia. "Nimemwaga mafuta kwenye hesabu za dada! Akakasirika! Akaja kukaa hapa mpaka ikaisha! Ilikuwa ndefu, mama, wewe hujaona!"

Mama alisimama na kikapu mkononi. Alimtazama Kitinda kuanzia juu hadi chini, kisha Petroli. "Imeisha kweli?"

"Imebaki kidogo," Petroli alisema. "Lakini hii iliyobaki naiweza."

Mama aliingia ndani. Walimsikia akiweka kikapu chini, akipiga simu.

"Wifi? Leo usimsubiri na chakula cha jioni. ... Hapana, hajaharibu kitu. ... Wifi, sikiliza basi. Nasema hata kesho usimsubiri. ... Unalia nini sasa, mtu mzima wewe?"

Petroli alisimama mlangoni. "Mama, bado nina vikao sita."

"Utavifuata ukitokea hapa. Kwani hapa hakuna njia ya kwenda kliniki?" Mama alikuwa ameliokota daftari na kulishika kwa ncha za vidole, mafuta yakidondoka. Alilisogeza dirishani. Karatasi ilikuwa imegeuka ya kupenyeza mwanga, na tarakimu zote zilionekana, za mbele na za nyuma kwa pamoja. "Hii inasomeka. Lete daftari jingine. Mimi nasoma, wewe andika."

Petroli alikaa sakafuni na daftari jipya. Kitinda alilala kifudifudi karibu yake, kidevu mikononi, tayari kusahihisha hesabu ambazo hakuwa na umri wa kuzijua.

"Saba kujumlisha, hapana, hii ya saba iko nyuma," mama alisema, macho ameyafinya kwenye mwanga. "Tisa. Tisa mara kumi na mbili."

"Soma polepole, mama."

"Nasoma polepole. Wewe ndiye unayeandika kama unafukuzwa."